Mwaka Nilioitwa Fatu

Mwalimu Agostinyo alizikwa kwao Kitaya, pembeni ya Ruvuma, na maziko sikuyawahi kwa sababu nilikuwa zamu kazini. Niliwahi siku ya kuondoa tanga. Nilipofika, wazee walikuwa wamekwisha kumketisha mkekani mjukuu wa dada yake, msichana wa miaka minane hivi, amevaa gauni la shule na kichwani wamemvika kofia ya marehemu, imemshuka hadi puani. Mzee mmoja akatangaza kwamba kuanzia siku ile mtoto yule ndiye Agostinyo, aitwe hivyo na aheshimiwe hivyo. Wanawake wakapiga vigelegele huku machozi yanawatoka, na vikongwe wakapanga foleni kumpa mkono. Sisi watu wa kusini jambo hilo hatuna haja ya kuelezwa. Jina la mtu wetu aliyekufa haliachwi likaota nyasi. Anatafutwa wa kulibeba, na akishalibeba, watoto wa marehemu wanakuwa watoto wake na watani wa marehemu wanakuwa watani wake, hata kama yeye mwenyewe bado anang'oka meno ya utoto. Nilimtazama yule mtoto akihangaika kuinua kofia ili aone watu. Mwaka mmoja wa ujana wangu ulinirudia wote kwa pamoja, pamoja na harufu yake.

Harufu yenyewe ilikuwa ya mafuta ya maganda ya korosho. Darasa letu lilikuwa chumba cha nyuma cha ghala la korosho lililofungwa, si mbali na bandari, na ingawa korosho zilikuwa zimeondoka siku nyingi, sakafu ilikuwa bado inazikumbuka. Mradi mmoja wa maji ulitaka vijana wanne wa kuhudumia pampu za vijijini, pampu za kisasa zinazoongozwa na kompyuta ndogo iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma. Kompyuta ile haikuandikiwa maneno. Ilichorewa. Kwenye kioo unaweka visanduku, kimoja boya la tangi, kingine saa, kingine pampu, kisha unaviunganisha kwa nyaya, na mchoro wenyewe ndio amri. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Msimbati na cheti cha kidato cha nne na mkono mzuri wa kuchora, basi. Mwalimu alikuwa Mmakonde aliyelelewa pande zote mbili za mto. Ujanani alipelekwa kusoma Ujerumani Mashariki, na aliporudi, nchi aliyosomea ikafutika kwenye ramani. Alikuwa akilitaja jambo hilo bila masikitiko, kama mtu anayekueleza kwamba basi alilopanda jana leo halipo stendi.

Gesi wakati huo ilikuwa bado imelala chini ya Msimbati, nasi tumelala gizani juu yake. Umeme wa mjini ulikuja ukijisikia na kuondoka bila kuaga. Kompyuta ilikuwa moja, ya mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bwana harusi, na jenereta iliwashwa saa moja tu kwa siku. Saa zilizobaki tulichora kwa chaki sakafuni. Paa la bati lilikuwa na matundu ya misumari, na jua lilipopenya lilidondosha vitone vya mwanga juu ya michoro yetu, vikitembea polepole kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Mchana, baada ya kula, nilikuwa nikisinzia nimeegemea ukuta, nikiviona vitone vile vinapita kwenye nyaya za chaki, na kwa dakika chache nilikuwa na hakika kwamba mchoro unafanya kazi wenyewe, kwamba mahali fulani kuna maji yanapanda. Sijawahi tena kuwa na furaha ya namna ile, ya kutokujua kama nimelala au niko macho.

Siku nyingine Mwalimu alitugeuza sisi wenyewe kuwa visanduku. Mimi nilikuwa tangi. Chande, Myao wa Masasi asiyekaa kimya hata akiwa na mdomo umejaa, alikuwa pampu. Kati yetu zilipita kamba za ukindu alizozitia rangi mkewe Mwalimu. Kamba ya kijani ilibeba ndiyo au hapana. Kamba nyekundu ilibeba namba, kina cha maji au dakika. Kila mkono wetu ulikuwa na aina yake ya kamba, na mkono wa kijani haushiki nyekundu hata kwa dawa. Chande aliposhika isiyo yake, Mwalimu alimgonga kidogo kwa rula.

"Rangi, Chande! Umemwuliza mtu, maji yamejaa? Naye kakujibu, thelathini na saba. Hilo ni jibu?"

"Kwa Wamakonde ni jibu, Mwalimu," alisema Chande, na sisi Wamakonde tukacheka zaidi yake. Kisha tukakaa kula ming'oko, viazi vya porini vya kuchemsha, tukichovya kwenye chumvi na pilipili, kamba bado zimetuzunguka viganjani.

Nakumbuka pia asubuhi aliyotufundisha kubadili mchoro. Alisema kuchora ni kazi ndogo, kazi kubwa ni kubadili kilichochorwa na wengine bila kukiua. Akachora duara tatu sakafuni. Ya kushoto aliiita yaliyopo. Ya kulia aliiita yatakayokuwa. Ya katikati akaiacha ya mwisho, akachuchumaa kando yake. "Hii hapa," alisema, "ni yale yasiyoguswa. Unaondoa kisanduku, unaweka kingine. Lakini yule unayemwondoa alikuwa ameshikana mikono na watu. Kabla hujamtoa, uliza kila mkono: wewe unabaki, au unaondoka naye? Mkono usioulizwa utakuja kukudai." Niliyaandika yote katika daftari langu la jalada la bluu. Nilidhani nimeelewa.

Dada yangu Fatu alikufa katikati ya mwaka ule, kwa homa ya siku tatu. Sitaki kuyaandika sana. Aliacha mume, Athumani, mkulima wa korosho pale Madimba, na mtoto wa miaka miwili, Rehema. Baada ya arobaini ukoo ulikaa, na jina nikapewa mimi. Walinikalisha mkekani, wakanifunga khanga ya Fatu, wakanipaka mafuta kichwani, na mjomba Hamisi, kaka yake mama na mkubwa wetu, akasema kuanzia leo huyu ni Fatu. Nililia kwa huzuni na kwa fahari pia, sitaficha. Rehema alinipanda mapajani akasema mama, na kila aliyekuwepo akashusha pumzi. Mama yangu mzazi tangu siku ile aliniita Fatu. Mjini, kwenye ghala, nilikuwa Salima. Kila Ijumaa nilipopanda gari la kwenda Msimbati kulikuwa na mahali njiani, sikumbuki wapi, ambapo Salima alishuka na Fatu akaendelea na safari.

Mambo ya Fatu nikayachukua yote. Mwanamke jirani aliyegombana naye kwa sababu ya mbuzi nikaacha kumsalimia, ingawa mimi hakuwahi kunikosea. Ukili wa mkeka aliouacha bila kumaliza niliuendeleza pale pale alipoachia. Kulikuwa na raha katika kufanya hivyo. Nilipoketi mahali alipokuwa akiketi jikoni kwa mama, nikisikia bahari na mtwango wa kinu, niliona kama kifo kimedanganywa, kama hakuna mtu aliyeondoka, ila tumesogea tu.

Ndipo Ijumaa moja, nikiwa jikoni napakua ugali wa muhogo, nikawasikia barazani. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, haufichi neno. Mjomba alikuwa anasema, "Jina kalichukua, ntoto kanchukua. Nyumba nayo aichukue. Msimu wa korosho ukiisha tunafungisha." Mtu mwingine akauliza, "Na masomo yake ya mjini?" Mjomba akajibu bila ukali wowote, "Fatu hakuwa na masomo mjini." Hakuna aliyebisha. Nilisubiri nisikie sauti ya Athumani, nikasikia kikohozi chake tu, kile kikohozi cha wapuliza salfa kwenye mikorosho. Nikapeleka chakula, mchuzi wa changu na nazi, wakaula wakausifu. Athumani hakuniangalia. Alikuwa mtu mwema, tena mwenye sura nzuri, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, kwa sababu sikuwa na kosa la kumtajia.

Wiki zilizofuata nilitembea kama mtu aliye ndani ya maji. Msimu ulikuwa umekwisha kuanza; malori ya korosho yalipanga foleni kuelekea bandarini, na kila lori lililopita lilikuwa linanipunguzia siku. Sikumwambia mtu darasani. Kichwani nilikuwa nimekwisha kukubali nusu. Nilijiambia kwamba huenda ndivyo mambo yalivyo, mtu hutolewa na mwingine huwekwa, na maji yanaendelea kupanda.

Katika hali hiyo ndipo Mwalimu akanipa kazi ya kubadili. Uani tulikuwa na mfano wa kufanyia mazoezi: pipa moja chini, jingine juu ya mbao, na kati yake pampu ndogo ya umeme, pampu pekee tuliyokuwa nayo. Mwalimu alitaka kile kisanduku cha pampu kwenye mchoro kitolewe, kiwekwe kipya chenye uwezo wa kupumzisha mota. Nilifanya kazi ile kwa saa yote ya jenereta, taratibu, kwa mapenzi hasa. Nilimtoa wa zamani, nikamweka mpya, na kila waya uliokuwa wa yule nikampa huyu. Kila rangi iliingia mahali pake, kijani kwa kijani, nyekundu kwa nyekundu. Kompyuta haikulalamika hata mara moja. Umeme wa mjini ulikuja, tukawasha, maji yakapanda, Chande akapiga makofi, nasi tukaenda kula. Tuliporudi, tulipokelewa na harufu ya kuungua. Pipa la chini lilikuwa kavu, na pampu ilikuwa imejizungusha pakavu hadi mota ikaungua.

Mwalimu hakupiga kelele. Alilala kifudifudi sakafuni mbele ya mchoro wetu wa chaki, akaufuata waya mmoja mmoja kwa kidole. Akafika kwenye waya wa kijani uliotoka pembeni, akasimama hapo.

"Huu?"

Chande akasema kwa sauti ndogo, "Wangu huo, Mwalimu. Boya la pipa la chini lilipoharibika mwezi ule. Niliuweka useme ndiyo, maji yapo, siku zote, ili kazi isisimame. Boya lilipopona nilisahau, na kwa kuwa siku zote tunaizima pampu kwa mkono, hatukuona."

"Wewe ulisahau. Haya, na wewe Salima, kwa nini uliuhamisha?"

"Kwa sababu ulikuwa wa yule wa kwanza."

"Uliuliza una kazi gani?"

"Hapana."

"Nani alikufundisha kuhamisha bila kuuliza?"

Jibu lilinitoka kabla sijalipima. "Nyumbani, Mwalimu. Ndivyo tunavyorithi jina."

Akageuka akaniangalia, bado amelala chini, chaki shavuni. Kisha akaanza kucheka, na alicheka hadi akalazimika kuketi. Nilipoanza kulia akaacha. Nikamweleza yote, jina, Rehema, Athumani, msimu wa korosho. Wenzangu walikuwepo, wakasikia.

"Mimi jina hili nilipewa nina miaka tisa," alisema Mwalimu. "La babu yangu. Wazee wenye mvi walikuwa wananipa shikamoo. Walinipa kigoda chake, jembe lake, na ugomvi wake na watu wa kijiji cha pili, ugomvi ambao mpaka leo sijui ulianzia wapi. Wake zake wawili hawakunipa. Unajua kwa nini?"

"Ulikuwa mtoto."

"Rangi ilikataa, basi. Kila mtu aliliona, hata mjinga. Shida yako wewe, mwanangu, ni kwamba rangi imekubali. Mwanamke kwa mwanamke, dada kwa dada, hata kimo. Rangi ikikataa, mashine itakulinda. Rangi ikikubali, hakuna wa kukulinda. Hapo ni lazima uulize mwenyewe."

"Niulize nini?"

"Kila mkono. Unabaki, au ulikufa naye?"

Hatukuwa na pampu nyingine, kwa hiyo mota ile tuliisuka upya kwa mikono, mimi na yeye, kwa siku nne. Alinionyesha jinsi ya kutoa shaba iliyoungua na kuzungusha mpya, mizunguko iliyohesabiwa, bila kuruhusu mmoja upande juu ya mwingine. Vidole vyangu vya kusukia ukili vilifurahi. Hatukuzungumza habari za Msimbati tena. Lakini kila nilipomaliza duru moja nilikuwa nauliza mkono mmoja. Rehema? Unabaki. Mama kuniita Fatu? Unabaki, kama unampa usingizi. Yule jirani wa mbuzi? Huo ulikuwa wa Fatu na mbuzi wake, uende. Nilipofika kwa Athumani nilikaa muda mrefu na shaba mkononi.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, niliomba kusema mbele ya mjomba. Waliketi barazani, yeye na wazee wawili, Athumani mwisho wa jamvi, na bibi yangu mlangoni akimenya muhogo. Nilipiga magoti.

"Mjomba," nilisema, "jina nimelipokea na sitalirudisha. Rehema nimempokea, ni mwanangu. Lakini ndoa ilikuwa ya Fatu na shemeji, na ilikufa na Fatu. Haiko kwenye khanga mliyonifunga. Kama kuna ndoa nyingine, hiyo ni mpya. Inaombwa upya, kwa posa, kama inavyoombwa kwa mtu yeyote, na mimi niulizwe."

Mjomba alikuwa mtu wa dini, na niliona neno lile limempata. Akajikuna ndevu. "Na ukiulizwa?"

"Nitasema hapana, mjomba. Nataka kumaliza nilichoanza."

"Asiyesikia la nkuu..." alianza, na methali ile ingemalizika kama Athumani asingeinua mkono, kama mwanafunzi.

"Mjomba, nisamehe. Hata mimi sijaulizwa."

Baraza zima likamgeukia. Alikuwa anaangalia viganja vyake, vilivyobaki na unjano wa salfa kwenye mistari. "Nikija hapa nasikia watu wanaita, Fatu, Fatu, lete maji. Moyo wangu unainuka, mjomba. Nageuka. Halafu anatokea Salima na maji. Kila Ijumaa nafiwa upya. Mkinioza huyu, nitafiwa kila asubuhi."

Kisu cha bibi kilisimama kwenye muhogo. Mjomba alivuta birika la maji ya kunawa, akanawa mikono ingawa hakukuwa na chakula, akaikausha kidole kwa kidole. "Basi," alisema, "aleeni ntoto." Bibi akaendelea kumenya. Nilitoka nje nikamwogesha Rehema.

Nilimaliza mwaka wa mafunzo. Athumani alioa mwanamke mwingine baadaye, na kila msimu aliniletea kapu la korosho za Rehema, akibisha hodi kwa jina langu, Salima. Yeye peke yake pale nyumbani ndiye aliyeniita hivyo. Zipo siku, nikiwa peke yangu zamu kwenye mtambo wa gesi pale Madimba, naangalia michoro inawaka kwenye vioo, ninapojiuliza ningesema nini kama yeye mwenyewe angekuja mapema akaniuliza, kwa upole ule. Sijui. Naliacha swali lipite, kama vile vitone vya jua.

Kitaya, foleni ilipofika kwangu, nilikuwa nimeshikwa mkono na Rehema, mwanamke mzima sasa, aliyekuja kunisindikiza. Nyuma yangu alikuwa Chande, ndevu nyeupe, analia bila kujificha. Nilipiga goti mbele ya mkeka. Mtoto aliinua kofia kwa mikono miwili ili anione.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema.

"Marahaba," alijibu, kwa sauti ya kuaminika kabisa.

Nikasogea karibu ili wazee wasisikie. "Umeulizwa?"

"Kuulizwa nini?"

"Katika vitu vyake, vipi unavitaka, na vipi huvitaki."

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kwelikweli, jicho moja limefungwa, kama mtu anayefuata waya kwa kidole. Kisha akavua kofia, akaninong'oneza.

"Nataka chaki zake," alisema. "Hii kofia inanuka tumbaku. Siitaki."

"Vizuri, Mwalimu," nikamwambia, na kofia nikaipokea mimi.